Moyo usioonekana: jinsi picha ya neva za moyo inavyosaidia kutambua ugonjwa wa Lewy

Weka picha mbili juu ya meza. Zote ni za vifua vya wazee wa miaka sabini na kitu, zimepigwa kwa kamera ya aina moja. Katika ya kwanza ini limekaa chini kama doa zito jeusi, mapafu yako kama ukungu, na juu ya ini, upande wa kushoto wa mzee, kuna doa jingine la ukubwa wa ngumi. Huo ni moyo. Katika picha ya pili ini lipo na mapafu yapo, lakini pale penye ngumi pako wazi.

Mzee wa pili moyo anao. Ukimpima kwa ultrasaundi utauona unasukuma damu sawasawa, vali zinafunguka na kufunga. Kilichokosekana kwenye picha ni nyuzi za fahamu zinazouingia moyo na kuuambia lini ukimbie. Na jambo lililonishangaza nilipolielewa mara ya kwanza, na bado linanishangaza, ni kwamba mzee huyu hakuletwa hospitali kwa ajili ya moyo. Aliletwa kwa sababu ya kusahau.

Ugonjwa wake unaitwa demenshia ya Lewy. Ni ndugu wa damu na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, na yote mawili huwekwa chini ya jina moja kubwa la ugonjwa wa mabonge ya Lewy. Baada ya Alzheimer, demenshia ya Lewy inahesabiwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa za akili kuchakaa uzeeni, na ni mojawapo ya zile zinazokosewa sana kutambuliwa.

Nyumbani mara nyingi huanza hivi. Mzee amekaa sebuleni jioni, anamwita mkewe: "Mama, hawa watoto waliokaa hapa wamekula?" Hakuna watoto. Yeye anawaona watatu, wadogo, wamenyamaza, na anaweza kukutajia rangi ya nguo zao. Kesho yake asubuhi anaongea habari za shamba na ada za wajukuu kama mtu asiye na neno, mpaka wanawe wanajiuliza kama jana walisikia vibaya. Keshokutwa amezama tena, anakodolea ukuta macho kwa saa nzima. Ukikaa na mkewe ukamuuliza taratibu, atakuambia kwamba miaka mingi kabla ya haya mumewe alikuwa akirusha ngumi na mateke usingizini, hadi yeye akahamia kitanda kingine. Atakuambia pia kwamba chakula kikiungua jikoni mzee hasikii harufu, choo chake ni kigumu, na akiinuka ghafla kitini anashikwa na kizunguzungu.

Kila dalili katika hizo ina maelezo yake tayari mtaani. Kusahau ni uzee. Kuona watoto wasiokuwepo ni mashetani, au kuna mtu kamfanyia kitu. Kupigana usingizini ni ndoto mbaya tu. Hospitalini nako dalili hizohizo zinagawanywa: wa neva anaona Parkinson, wa magonjwa ya akili anaona wazimu wa uzeeni, wa kliniki ya kawaida anaandika Alzheimer. Wote wanamtazama mzee mmoja, na kila mmoja ameshika kipande chake.

Kukosea hapa kuna gharama. Mzee anayeona watu wasiokuwepo, tena akiwa anapiga kelele usiku, ni rahisi sana kuandikiwa haloperidoli, dawa ya bei nafuu ambayo imejaa kwenye makabati ya hospitali zetu. Dawa hiyo hutuliza maruweruwe kwa kuziba njia ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Kwa mgonjwa wa Lewy dopamini tayari imepungua, na kumzibia kidogo kilichobaki kunaweza kumkakamaza, kumzubaisha asiamke vizuri, kumnyima uwezo wa kumeza, na hata kumuua. Mwaka 1992 madaktari wa Newcastle nchini Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa wao waliopewa dawa za aina hii: kama nusu yao walipata madhara makali. Upande mwingine, donepezili na rivastigmini, dawa zinazoongeza asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo ya aina hiyo, mara nyingi huwasaidia wagonjwa wa Lewy vizuri, kwa sababu upungufu wao wa asetilikolini ni mkubwa. Kwa hiyo jina la ugonjwa si jambo la kujaza fomu. Ndilo linaloamua ni kidonge kipi kitamfikia mzee mdomoni.

Sasa moyo unaingiaje katika habari ya ubongo?

Rudi nyuma hadi 1912. Daktari Mjerumani Fritz Heinrich Lewy, aliyezaliwa Berlin, alikuwa akichunguza kwa hadubini ubongo wa watu waliokufa na Parkinson. Akaona ndani ya seli vijibonge vya mviringo ambavyo havikupaswa kuwemo. Watu wengi hudhani aliviona kwanza katika ile sehemu nyeusi ya ubongo inayotengeneza dopamini. Hapana, huko vilielezwa baadaye, mwaka 1919, na Konstantin Tretiakoff, ambaye ndiye aliyevipa jina la Lewy. Lewy mwenyewe aliviona, pamoja na sehemu nyingine, katika kiini cha neva ya vegasi, neva ndefu inayotoka shina la ubongo kwenda kwenye moyo, tumbo na utumbo. Yaani tangu siku ya kwanza ugonjwa huu ulikuwa umeonyesha kwamba unazihusu neva za viungo vya ndani, ila ilichukua miongo mingi kwa watu kuuchukulia hivyo. Lewy, akiwa Myahudi, alilazimika kuikimbia Ujerumani Hitler alipoingia madarakani, akafia Marekani mwaka 1950.

Mwaka 1976 Mjapani Kenji Kosaka akaeleza mgonjwa aliyekuwa na demenshia na mabonge hayo yameenea hadi kwenye gamba la ubongo, jambo lililofungua mlango wa kuutambua ugonjwa huu kama demenshia inayojitegemea. Mwaka 1997 Maria Grazia Spillantini na wenzake wakaonyesha kwamba mabonge yametengenezwa hasa na protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hii kila mtu anayo kwenye ncha za neva zake. Ugonjwa huanza inapojikunja vibaya na kugandamana.

Wanapatolojia, yaani madaktari wanaochunguza tishu za wagonjwa, hasa wa Japani, wakaendelea kuitafuta protini hiyo iliyogandamana nje ya ubongo. Wakaikuta kwenye ukuta wa utumbo, kwenye ngozi, kwenye tezi za mate, na kwenye nyuzi nyembamba zinazoparamia uso wa moyo. Satoshi Orimo na wenzake walizichunguza nyuzi za moyo katika hatua mbalimbali za ugonjwa na kuona mpangilio unaoeleweka. Mgando huanzia kwenye ncha za nyuzi, zile zilizo mbali kabisa. Kisha nyuzi zinakufa kurudi nyuma, huku seli mama zilizo kando ya uti wa mgongo zikiwa bado hai. Ni kama kuti la mnazi linaloanza kukauka nchani wakati kikonyo bado kibichi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nyuzi hizi ni ndefu, nyembamba, hazina ala ya mafuta inayofunika neva nyingine, zina matawi yasiyohesabika, na hazipumziki maisha yote, kwa hiyo gharama ya kuzitunza ni kubwa na uchakavu huonekana kwao mapema.

Nyuzi ninazozisema ni za mfumo wa simpathetiki, ule unaouamsha mwili. Ukikurupuka kwa sauti ya honi nyuma yako na moyo ukaenda mbio, ni nyuzi hizo zimemwaga kemikali iitwayo noradrenalini kwenye misuli ya moyo. Zikishamwaga, haziiachi ikapotea bure. Zina milango midogo nchani inayoifyonza noradrenalini na kuirudisha ndani, ikahifadhiwa kwenye vifuko kwa matumizi ya baadaye. Kipimo chote tunachokizungumzia kimejengwa juu ya mlango huo mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Donald Wieland na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza kemikali inayofanana na noradrenalini kiasi cha kuudanganya mlango huo. Jina lake refu hufupishwa MIBG. Neva huifyonza na kuiweka kwenye vifuko, lakini haina uwezo wa kuivunja kama inavyoivunja noradrenalini halisi, hivyo inakaa humo kwa saa kadhaa. Ndani ya MIBG kuna ayodini, jamaa yuleyule tunayemwita madini joto kwenye chumvi, isipokuwa hapa hutumika ayodini-123 inayotoa mionzi ya gama. Penye neva hai, ayodini inajikusanya, na kamera inapaona. Penye neva zilizokufa hakuna wa kuifyonza, damu inaichukua na kwenda zake.

Mwanzo kabisa MIBG ilikusudiwa kutafuta uvimbe wa tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na mpaka leo inatumika hivyo, pamoja na saratani ya watoto iitwayo neuroblastoma. Madaktari wa moyo nao wakaichukua kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kazi. Mwaka 1994 timu ya Kijapani ikaripoti matokeo kwa wagonjwa wa neva wenye hitilafu za mfumo usio wa hiari, na hapo ndipo ile picha isiyo na moyo ilipoanza kuzungumzwa kwa wenye Parkinson. Mwaka 2001 Mitsuhiro Yoshita na wenzake wakaonyesha kwamba inaweza kutenganisha demenshia ya Lewy na Alzheimer. Katika Alzheimer, ubongo unaharibika, lakini neva za moyo kwa kawaida zinabaki salama. Tofauti inayotafutwa kwa tabu kichwani inaonekana waziwazi kifuani.

Siku ya kipimo yenyewe haina makubwa. Mara nyingi mgonjwa hupewa kwanza dawa ya ayodini ya kawaida ili tezi ya shingo ishibe na isinyonye ile yenye mionzi. Anachomwa sindano ya mshipani akiwa ametulia. Dakika kama 15 hadi 30 baadaye analala chali chini ya kamera, mikono imewekwa vizuri, anapigwa picha ya kwanza ya kifua kwa dakika chache. Anaruhusiwa kuondoka. Anakula, anatembea, anarudi baada ya saa 3 au 4 kwa picha ya pili. Haingizwi kwenye handaki lenye kelele kama la MRI, wala haulizwi maswali ya kukumbuka maneno. Kwa mzee aliyechanganyikiwa hilo ni jambo kubwa, ingawa kumshawishi alale bila kujigeuza bado ni kazi ya subira, na ndugu akikaa karibu inasaidia kuliko kitu chochote.

Fundi anachukua picha, anachora kiduara kuzunguka moyo na kisanduku sehemu ya juu ya katikati ya kifua, mahali ambapo hapatarajiwi neva nyingi za namna hii. Anagawanya wastani wa mionzi ya kiduara kwa wastani wa kisanduku. Tuseme kiduara kimetoa 300 na kisanduku 120: jibu ni 2.5, moyo una neva zake. Kwa mwingine kiduara ni 150 na kisanduku 120: jibu ni 1.25, moyo umekuwa sawa na ukungu unaouzunguka. Picha ya pili, ya baada ya saa kadhaa, huwa na uzito zaidi, kwa sababu neva dhaifu zinaweza kufyonza mwanzoni lakini zikashindwa kuishikilia. Kiasi kinachovuja kati ya picha ya kwanza na ya pili nacho hupimwa.

Hapa pana mtego ambao makala nyingi huuruka, nami sitauruka kwa sababu umewahangaisha watu waliobobea. Namba hiyo haitegemei mgonjwa peke yake. Mbele ya kamera kuna bamba la risasi lenye vitundu vingi linalochuja mionzi ili picha isiwe na ukungu. Ayodini-123 hutoa mionzi yenye nguvu ya 159 keV, ambayo ndiyo inayotakiwa, na pamoja nayo kiasi kidogo chenye nguvu kubwa zaidi kinachopenya kuta za bamba jembamba na kuchafua picha. Bamba jembamba likitumika, kisanduku kinajaa takataka na uwiano unashuka, hata kwa mtu mzima wa afya. Mgonjwa mmoja, hospitali mbili, majibu mawili. Kenichi Nakajima wa Kanazawa, Japani, na wenzake walipita kwenye hospitali nyingi wakipima mfano wa kifua uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ili kila kamera ipate namba ya kurekebishia. Baada ya kusawazisha, Japani huchukulia 2.2 kuwa mpaka wa chini wa kawaida. Newcastle, kwa kamera zao na wazee wao, walifika kutumia 1.85 katika utafiti wao wa baadaye. Ukiletewa karatasi yenye 2.0 usifurahi wala usilie mpaka uulize: kwa kipimo cha wapi?

Je, kinaaminika kiasi gani? Utafiti wa hospitali 10 za Japani uliochapishwa 2015 ulilinganisha wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na Lewy na wanaodhaniwa kuwa na Alzheimer. Picha ya pili ilipata asilimia 68.9 ya wenye Lewy, na iliwaacha salama asilimia 89.1 ya wasio nao. Igeuze kuwa watu. Katika wazee 100 wenye Lewy, 69 moyo wao utafifia, 31 utaonekana mzima. Katika wazee 100 wenye Alzheimer, 11 tu moyo utafifia. Ndiyo maana moyo uliofifia ni ushahidi mzito, lakini moyo unaoonekana hauwezi kumwondolea mtu ugonjwa huu. Ukibaki na neno moja kutoka kwenye makala hii, naomba liwe hilo, kwa sababu nimeona familia zikipumua kwa furaha mbele ya picha ya kawaida, wakarudi nyumbani na mzee yuleyule anayewakaribisha watoto wasiokuwepo.

Utafiti huo ulikuwa na sehemu ya pili ninayoipenda. Wagonjwa wakafuatiliwa miaka 3, kisha madaktari wakawatambua upya wakiwa wamewaona kwa muda mrefu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalikuwa asilimia 77 na asilimia 97. Picha zilikuwa zilezile za mwanzo. Kilichobadilika ni jina la ugonjwa: baadhi ya waliopewa jina moja mwanzoni, muda ulionyesha ni wa jina jingine, na kamera ilikuwa imeshasema. Mwaka 2022 watafiti wa Tokyo wakaenda mbali zaidi, wakalinganisha picha na uchunguzi wa ubongo baada ya kifo kwa watu 56. Picha ya pili iliwapata asilimia 80 ya waliokuwa na Lewy kweli.

Nguvu hiyo ndiyo iliyokipandisha cheo kipimo. Katika vigezo vya kimataifa vya 2005 picha ya MIBG ilikuwa dalili ya kuunga mkono tu. Katika vigezo vya 2017, vilivyoongozwa na Ian McKeith, iliwekwa safu ya juu pamoja na picha ya dopamini ya ubongo na kipimo cha usingizi kinachothibitisha kwamba misuli hailegei wakati wa ndoto. Dalili za msingi ni nne: akili inayopanda na kushuka, kuona vitu visivyokuwepo mara kwa mara, kupigana usingizini, na kukakamaa au kutetemeka kwa Parkinson. Mgonjwa wa demenshia mwenye dalili mbili kati ya hizo hahitaji picha. Ugonjwa unahesabiwa kuwa umeelekea kuwa wa Lewy. Mwenye dalili moja tu, picha yenye moyo uliofifia humvusha mpaka. Asiye na dalili hata moja, picha peke yake haitoshi kumpa jina hilo kwa uhakika. Kwa Parkinson nako, vigezo vya 2015 vya chama cha kimataifa cha magonjwa ya mwendo vinaihesabu kama ushahidi wa kuunga mkono.

Kuna sehemu moja ambapo picha ya moyo inashinda hata picha ya ubongo. Upo ugonjwa uitwao atrofia ya mifumo mingi ambao huleta kukakamaa na kizunguzungu cha kusimama kama Parkinson. Picha ya dopamini inafifia kwa wote wawili, haiwatenganishi. Lakini katika atrofia hii uharibifu uko kwenye seli za ubongo na uti wa mgongo, kabla ya nyaya za mwisho, kwa hiyo ncha zilizo ndani ya moyo kwa kawaida huwa nzima na moyo unaonekana. Ni kama nyumba mbili zisizo na umeme: moja nyaya za ndani zimeungua, nyingine nyaya ni nzima ila transfoma ya mtaa ndiyo imeharibika. Ukibonyeza swichi giza ni lilelile, mpaka fundi aweke kipima umeme.

Picha inaweza kudanganya pia. Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, au ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu, anaweza kuwa na moyo uliofifia bila bonge hata moja la Lewy. Kisukari cha miaka mingi kilichokwisha kuharibu neva hufanya vivyo hivyo, na katika jamii yetu kisukari cha miaka mingi si kitu cha kutafuta kwa tochi. Halafu zipo dawa zinazouziba mlango ule wa kufyonza, au zinazovivuruga vile vifuko vya kuhifadhia: amitriptilini, ambayo wazee wengi wanapewa kwa maumivu ya neva au usingizi, tramadoli, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, labetaloli, na reserpini, ile ya zamani ya presha. Mgonjwa akiwa anatumia mojawapo, moyo unaweza kutoweka kwenye picha kwa sababu ya kidonge. Daktari ndiye anayepanga ipi isimamishwe, lini, na kama ni salama kuisimamisha; asiiache mtu kwa kusoma makala. Na kinyume chake, wapo wenye Parkinson ya kurithi, kama ile ya jeni la LRRK2, ambao neva za moyo mara nyingi zinabaki.

Kwa nini basi wenye Lewy wengine moyo uonekane mzima? Per Borghammer na Jacob Horsager wa Aarhus, Denmark, wanapendekeza kwamba ugonjwa una milango miwili. Kwa baadhi ya watu huanzia mwilini, kwenye neva za utumbo na moyo, ukapanda hadi ubongoni, na hao ndio wanaopigana usingizini miaka mingi kabla. Kwa wengine huanzia ubongoni na kuufikia moyo baadaye. Wazo hilo bado linajadiliwa, ila linaeleza mengi, na linaeleza pia matokeo ya taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, ambako David Goldstein hutumia dopamini yenye mionzi, inayofyonzwa na neva zilezile, kwenye kamera ya PET, aina nyingine ya kamera ya mionzi. Alifuatilia watu wenye viashiria vya hatari kama kupoteza harufu na kupigana ndotoni, wakiwa bado hawajaugua. Katika 9 waliokuwa na moyo uliofifia, 8 walikuja kupatikana na Parkinson au demenshia ya Lewy. Katika 11 waliokuwa na moyo wa kawaida, mmoja tu.

Najua swali la msomaji wa Mwanza au Kisumu: hiki kipimo nitakipata wapi? Kamera za gama si ngeni kwetu. Ocean Road jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala zina huduma za tiba ya nyuklia. Kamera si tatizo kubwa kama ayodini-123 yenyewe. Picha nyingi za nyuklia hutumia teknetiamu, ambayo hospitali huikamua kila siku kutoka kwenye chombo kinacholetwa kwa ndege. Ayodini-123 haina chombo cha kukamulia. Hutengenezwa kwa mashine kubwa iitwayo saiklotroni, na kila saa 13 nguvu yake hupungua nusu. Mzigo ukitoka kiwandani Ulaya na kufika wodini baada ya saa 26, kwa mikono ya ushuru na foleni za barabarani, imebaki robo ya kilicholipiwa. Japani wana viwanda ndani ya nchi, na bima yao inalipia kipimo hiki kwa ugonjwa huu tangu 2012. Ndiyo maana ujuzi mwingi umetoka kwao.

Lakini zile neva zilizokufa zinaacha alama nyingine, na hiyo hupimwa kwa mashine ya presha iliyoko kila zahanati. Mtu anaposimama, damu inashuka miguuni, na neva za simpathetiki ndizo zinazoikaza mishipa haraka ili ipande tena kichwani. Zikiwa zimechoka, presha inaporomoka. Haithibitishi Lewy, maana upungufu wa maji, dawa za presha na kisukari vinaweza kufanya hivyo pia, lakini ikikutana na usingizi wa mateke na watoto wasioonekana, daktari mwenye masikio atalichukulia suala kwa uzito tofauti kabla hajaandika haloperidoli.

Mlaze mzee chali dakika 5, mpime. Msimamishe, mtu mmoja awe amemshika asianguke, mpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni dalili ya kupeleka kliniki. Andika namba zote tatu kwenye daftari, na saa uliyopima. Chini yake andika kila dawa anayomeza, hata ya mafua, na mwaka ambao mama alihama kitanda.